Bustani ya Nyumba ya Kupanga: Nani Akate Majani, Nani Alipie Mti

Masika yakikaribia, maswali huwa yale yale. Majani yamefika magotini, nani ayakate? Tawi la mwembe limeangukia bati la jirani, nani alipe? Mpangaji anahama, mwenye nyumba anakata amana kwa sababu ukoka umekauka. Ana haki hiyo? Ugomvi mwingi wa namna hii unaanzia wiki ya kwanza. Hali ya bustani haikuandikwa popote, na mkataba una sentensi moja tu: "Mpangaji atatunza mazingira." Mwenye nyumba akiisoma anaona kupalilia, kumwagilia, kupogoa na hata kukata mnazi. Mpangaji akiisoma anaona kufagia.

Mwongozo huu ni wa anayepanga nyumba yenye uwanja Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania Bara. Mwenye nyumba naye anaweza kuutumia, tena utampunguzia simu za usiku.

Kuhusu sheria, jua haya machache. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaingiza masharti ndani ya mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa, isipokuwa ninyi wawili mmekubaliana vingine. Kwa upande wa mpangaji, mawili yanagusa bustani moja kwa moja: asiharibu wala kukata miti iliyo hai, na arudishe ardhi na majengo katika hali aliyovikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida na majanga kama mafuriko ambayo hayakutokana na uzembe wake. Neno zito hapo ni "hali aliyovikuta". Bila ushahidi wa hali hiyo, kila mtu atasimulia yake.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera na nafasi ya picha 40 hivi.
- Tepu ya kupimia. Ya mita 5 inatosha.
- Ndoo ya lita 20.
- Nakala ya mkataba ambayo bado haijasainiwa.
- Vifaa vya kazi: kwanja, reki ya chuma, panga, mkasi wa kukatia fensi, beleshi, fagio la chelewa na mpira wa maji wa mita 20 hadi 30. Uliza vipi vinabaki na nyumba na vipi utanunua mwenyewe.
- Viatu vya kufunika vidole na glovu ngumu. Kama utatumia mashine ya kufyekea, ongeza miwani, maana ile kamba inarusha mawe kwa kasi.

Hatua

1. Zunguka uwanja mchana, kabla hujalipa.

Kodi nyingi hulipwa miezi 6 au 12 mbele. Ukishatoa hela, sauti yako ya kudai marekebisho inapungua, kwa hiyo mazungumzo ya bustani yafanyike kabla.

Anza na miti. Angalia matawi yanayogusa bati, maana yanajaza majani kwenye mifereji ya paa na kuleta panya. Angalia minazi iliyo juu ya mahali pa kuegesha gari au njia ya watoto. Angalia matawi yaliyokaribia waya wa umeme. Kisha shuka chini: tafuta nyufa za ukuta na pevingi iliyoinuka karibu na shina.

Halafu omba ufunuliwe chemba ya maji taka iliyo karibu na mti mkubwa. Mulika kwa tochi ya simu. Ukiona mizizi myembamba imening'inia ndani kama ndevu, mti umeshaingia kwenye bomba, na siku moja choo kitarudisha maji. Fikasi za mapambo ndizo zenye sifa mbaya zaidi kwa hili. Hilo ni jambo la mwenye nyumba kulimaliza kabla hujaingia, na liandikwe. Uliza pia shimo la maji taka liko wapi na gari la kunyonya linapita wapi, usije ukapanda kitu juu yake.

Fungua bomba la nje. Jaza ile ndoo ya lita 20 huku ukihesabu sekunde, kisha andika. Namba hiyo utaihitaji hatua ya 5.

2. Piga picha na uandike orodha.

Picha za karibu peke yake hazisaidii. Piga kila upande wa uwanja ukiwa umesimama kwenye kona, kisha sogea kwa kila kasoro. Orodha iwe na namba na vipimo, kwa mfano:

"Ukoka wa mbele mita 8 kwa 6, wa kijani, una kipara cha nusu mita karibu na geti. Fensi ya michongoma ina kimo cha mita 1.5; upande wa kusini mita 2 zimekufa. Miti: mwembe 1, minazi 2, mipapai 3. Vyungu 9, kimoja kimepasuka. Bomba la nje 1, linavuja kwenye koki. Mita ya maji inasoma ____."

Msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Tuma picha kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye ujumbe. Kama nyumba umepewa na dalali na mwenye nyumba yuko mbali, usiridhike na sahihi ya dalali. Akishapokea udalali wake, hatakuwepo siku unahama.

3. Gawaneni kazi.

Kanuni inayofanya kazi vizuri ni hii: kinachoota upya ndani ya wiki ni cha mpangaji, kinachochukua miaka, au kinachoweza kuvunja nyumba, ni cha mwenye nyumba.

Kwa kanuni hiyo mpangaji anabeba kukata majani, kupalilia, kufagia, kumwagilia, kupunguza fensi ya mimea, kuzibua mifereji ya juu ya ardhi na kumwaga maji yaliyotuama. Mwenye nyumba anabeba kukata au kupogoa miti mikubwa, kuangua nazi zilizo juu ya njia, kutengeneza ukuta na geti, mabomba yaliyo chini ya ardhi, shimo la maji taka, na mchwa walioingia kwenye mbao za nyumba.

Katikati kuna eneo la ugomvi, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mambo ya kuamua kwa mdomo na kwa maandishi ni haya: nani analipia maji ya bustani, nani anamlipa mtunza bustani kama yupo, gharama za kusomba matawi baada ya kupogoa ni za nani, na maembe ni ya nani. Hilo la mwisho watu huliona dogo hadi Desemba, mwenye nyumba anapofika na magunia asubuhi ya Jumapili. Mnaweza kukubaliana mpangaji ale na mwenye nyumba apewe sehemu, au mwenye nyumba avune mwenyewe kwa taarifa ya siku 2. Lolote mtakaloamua, liandikwe.

Kama ni nyumba ya wapangaji wengi wenye uwanja mmoja, msigawane kwa zamu ya "kila mtu wiki yake" peke yake. Anayepewa wiki ya kiangazi anafagia tu, wa wiki ya masika anafyeka msitu. Ni afadhali mgawane maeneo kwa ajili ya kufagia, na kufyeka mchangie pesa ya kibarua kwa idadi ya vyumba.

4. Weka kwenye mkataba.

Badilisha ile sentensi moja kwa aya kama hii:

"Mpangaji atakata majani yasizidi sentimita 10, atapalilia, na atapunguza fensi isizidi mita 1.5. Mwenye nyumba atapogoa miti yenye kimo cha zaidi ya mita 3 na atashughulikia mti wowote unaohatarisha watu, jengo au waya, ndani ya siku 14 baada ya kupewa taarifa kwa maandishi. Mti hautakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Maji ya bustani yatalipwa na ____. Matunda yatakuwa ya ____. Mpangaji hatadaiwa ukoka uliokauka wakati wa mgao wa maji. Hali ya bustani siku ya kuingia ni ile iliyo kwenye orodha na picha zilizoambatanishwa."

Usikubali neno "bustani irudishwe ikiwa nzuri". Nzuri kwa macho ya nani? Orodha ya hatua ya 2 ndiyo kipimo.

5. Piga hesabu ya maji kabla ya kuahidi kumwagilia.

Ukoka wa mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Kuupa milimita 20 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi ni lita 960, kwa sababu milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000. Kwa hiyo eneo hilo dogo linakula karibu uniti 4 kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako, ndipo useme kama unaweza.

Chukua zile sekunde za ndoo. Kama lita 20 zilijaa kwa sekunde 80, bomba linatoa lita 15 kwa dakika. Lita 960 ni dakika 64 kwa wiki, yaani mara 2 kwa dakika 32 kila mara. Mwagilia asubuhi mapema. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunalowesha vumbi tu; mizizi inabaki juu, na maji yakikatika siku 3 kila kitu kinakunjamana. Ukimaliza, choma ardhi kwa bisibisi ndefu. Ikizama sentimita 10 hadi 15 bila kupigana nayo, umemwagilia vya kutosha.

Kama bili inakushinda, jua kwamba ukoka wa kawaida hugeuka kahawia kiangazi lakini haufi upesi. Mvua za vuli zikianza unachipua. Nyasi za Pemba zenye majani mapana hazivumilii hivyo. Mweleze mwenye nyumba mapema kwamba mtauacha upumzike, asije akaukuta Agosti akadhani umeutelekeza.

6. Shika ratiba.

Kila wiki: fagia, ng'oa magugu yakiwa madogo baada ya mvua, na mwaga maji yote yaliyotuama. Hili la maji lina uzito wake. Mbu anayeeneza dengue hutaga kwenye maji kidogo tu: kisahani cha chungu, tairi lililopandwa maua, kopo lililosahaulika nyuma ya nyumba. Kwenye joto la Dar yai linaweza kufikia kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo kumwaga mara moja kwa wiki kunamkatiza. Jiji hilo liliona milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Visahani vya vyungu jaza mchanga, au viondoe kabisa.

Masika na vuli: kata majani kila siku 7 hadi 10. Kiangazi, kila wiki 3 au 4 inatosha. Ukoka uache kwenye sentimita 4 au 5, nyasi za Pemba 5 hadi 7. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Majani yakikuzidi yakafika magotini, shusha kwa awamu kadhaa, ukiacha siku 5 kati ya awamu moja na nyingine.

Fensi: kila wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua. Chini iwe pana kuliko juu. Ukikata juu pana, chini hakupati jua na baada ya mwaka kuku na mbuzi wa jirani wanapita.

Februari, kabla ya masika: zibua mfereji wa maji ya mvua hadi unapotokea nje ya ukuta, na ondoa udongo uliorundikana kwenye kuta. Udongo usifikie matundu ya hewa. Acha sentimita 15, la sivyo mchwa wanapata daraja.

Onyo: usichome majani uwanjani. Moto unaua ukoka kwa duara, na moshi unakugombanisha na majirani. Yarundike kona moja yawe mboji; lundo la mita 1 kwa 1 likilowa na kugeuzwa kila wiki 2 linaiva kwa miezi 3 hivi.

7. Mti usiuguse bila ruhusa.

Tawi dogo kuliko kidole gumba unaweza kulikata. Zaidi ya hapo, piga picha na tuma ujumbe wenye tarehe. Mfano:

"Shikamoo mama. Tawi la mwembe upande wa jikoni limepasuka, lina urefu wa kama mita 4 na liko juu ya bati. Picha za leo ni hizi. Naomba litolewe kabla ya mvua. Kuna fundi wa kukata miti anaweza kuja Jumamosi ukiridhia. Nisipopata jibu hadi Ijumaa nitakupigia."

Ujumbe wa namna hii ni wa heshima, na pia ni kinga yako. Tawi likianguka baadaye, itaonekana nani alijua na lini.

Onyo: tawi lililogusa au kukaribia waya wa umeme halikatwi na wewe wala kibarua wa mtaani. Toa taarifa TANESCO na umjulishe mwenye nyumba. Mti mbichi unapitisha umeme, na panga la chuma pia.

Kwa minazi, mkwezi aitwe kila miezi 3 au 4, na makuti makavu yashushwe pamoja na nazi. Kuti moja kavu linatosha kuvunja kioo cha gari.

8. Unachotaka kupanda.

Chukulia kwamba kilichopandwa ardhini kinabaki na nyumba. Ua unalolipenda lipande kwenye chungu, na vyungu vyako viandike kwenye orodha ili visihesabiwe vya nyumba. Mchicha hauna shida. Unavunwa wiki ya 3 hadi ya 4 na tuta linafutika. Usiupande karibu na shimo la maji taka. Acha angalau mita 5. Mti wa matunda omba ruhusa kwanza. Ukichimba karibu na ukuta usiguse bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja. Kuirudisha mahali pake ni kazi ya mpima ardhi.

9. Ukiweka mtunza bustani.

Mweleze kazi kwa orodha, usimwambie "safisha bustani". Neno hilo kwake linaweza kumaanisha kufyeka hadi udongo uonekane, na maua ya mwenye nyumba yakaenda humo humo. Funga kitambaa chekundu kwenye kila mche usioguswa. Kumbuka kwamba akiharibu, kwa mwenye nyumba mwenye deni ni wewe.

10. Anza kuondoka siku 60 kabla.

Toa orodha ya mwanzo, zunguka nayo. Vipara vya ukoka vinahitaji wiki 6 hadi 8 kujifunga, kwa hiyo ukisubiri wiki ya mwisho utalipia tu. Kata vipande vyenye vifundo 3 kutoka kwenye kingo zilizojaa, uvipande kila baada ya sentimita 15, kanyaga, mwagilia kila siku kwa wiki 2. Siku ya kukabidhi piga picha kutoka kwenye kona zile zile, na msaini tena.

Mambo yakienda mrama

*Ukoka umekuwa wa njano kwa mabaka baada ya kupiga dawa ya magugu.* Dawa nyingi zinazouzwa madukani zina glaifoseti, ambayo haichagui. Inaua ukoka na magugu pamoja, na dalili huonekana baada ya siku 7 hadi 14. Mabaka hayo hayatarudi yenyewe kirahisi. Panda upya kama hatua ya 10. Tumia dawa hiyo kwenye pevingi peke yake, siku isiyo na upepo.

*Kipara mahali gari linapoegeshwa.* Udongo umeshindiliwa. Toboa kwa uma wa shamba kila sentimita 10, kina cha sentimita 10, mwaga mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, panda. Gari lihamishwe, vinginevyo unapoteza maji.

*Choo kinarudisha maji na kuna mti karibu.* Usimwage kemikali. Funua chemba, piga picha ya mizizi, tuma. Kuzibua bomba kwa ajili ya mizizi ni gharama ya mwenye nyumba. Kuzibua kwa sababu ya vitambaa au pampasi zilizotupwa ni yako. Picha ndiyo itakayotofautisha.

*Tawi limevuka ukuta wa jirani naye analalamika.* Mwambie umemfikishia mwenye nyumba, umwonyeshe ujumbe. Usimruhusu akate kutoka upande wako wala usiahidi kulipa.

*Mwenye nyumba hajibu na hatari iko wazi.* Tuma ujumbe wa pili ukitaja tarehe ya ule wa kwanza, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa na picha zako, waone na waandike. Ukilazimika kulipa fundi ili kuokoa nyumba, pata ridhaa hata ya ujumbe mfupi, chukua risiti yenye jina na simu ya fundi, piga picha kabla na baada. Usijikatie kwenye kodi bila makubaliano.

*Amana imekatwa kwa sababu ya bustani.* Omba mchanganuo wa maandishi: kipi kimeharibika, kimetengenezwa kwa kiasi gani. Linganisha na orodha ya siku ya kuingia. Mkishindwana, anzieni serikali ya mtaa. Kama shauri litahitaji kwenda mbele, Baraza la Kata hupatanisha, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba, orodha zote mbili, picha zilizochapishwa zenye tarehe, risiti, na bili za maji za miezi unayodaiwa kuwa hukumwagilia.